Silabi Moja Mgongoni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkafika katikati mkaanza kumtafuta mwingine. Hayupo. Wajinga wengine wote walikuwa likizo. Zamu ilikuwa yangu.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni fundi wa kuchapa fulana. Mtaani wananiita Rangi, kwa kuwa mikono yangu haijapata kuwa na rangi moja tangu nioe. Miezi mitano iliyopita mama mkwe alihamia kwetu baada ya figo zake kugoma. Kwao hakuna mashine ya kusafisha damu. Hapa ipo moja, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hulazwa kando yake saa nne nzima, damu ikitoka, ikisafishwa, ikirudi.

Wiki ileile aliyohamia, mimi, mtu wa miaka arobaini na tatu ambaye nikipanda ngazi napumzika katikati, nikaanza kukimbia.

Yaliyonipata mmeshayasoma. Mbwa wa yule muuza matofali. Viatu vya kuazima vilivyobaki nyuma mimi nikiwa bado naenda. Na asubuhi ile niliyozimia mbele ya duka la majeneza, mwenye duka akatoka mbio kuja kunisaidia, futi kamba mkononi.

Wiki iliyopita tuliachana pale matroni wa wodi ya figo aliponipa kazi. Wodi imeandaa mbio za hisani, kilomita kumi, kuchangia mashine ya pili. Fulana mia tatu. Mbele jina la wodi. Mgongoni neno moja, na chini yake mstari mtupu wa kuandikia jina la mgonjwa ambaye mkimbiaji anamkimbilia.

Neno lenyewe alilitoa mama mkwe. Matroni alimfuata kitandani, mipira ya mashine ikiwa bado mkononi mwa Mama, akamwomba maneno matamu. Mama akamwambia, "Maneno ya nini? Neno moja linatosha. NAMKIMBILIA. Nakimbia kwa ajili yake, na pia nakimbia kwenda kwake. Yote mawili ndani ya neno moja. Lugha yetu haina uchoyo."

Nami nikajiandikisha. Kwenye mstari wangu ikaandikwa MAMA MKWE.

Mke wangu alipoona jina hilo kwenye orodha alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Majirani wakanipa mkono. Mama mwenyewe hakusema kitu. Na mama mkwe wangu kutosema kitu ni kama jogoo kulala hadi mchana: kuna jambo.

Sasa nikiri.

Watu nimewaambia nilianza kukimbia kwa sababu ya presha. Presha ninayo, sikatai. Lakini mtu mwenye presha hukimbia asubuhi akarudi nyumbani. Mimi nilikimbia asubuhi, nikakimbia jioni, na siku za mapumziko nikakimbia mchana, jua la utosi, kama niliyeiba kuku.

Mama alifundisha lugha miaka thelathini na minane. Yeye amestaafu, kalamu yake nyekundu bado iko kazini. Niliwahi kumwachia kikaratasi mezani: *Mama chakula kipo jikoni nimetoka.* Niliporudi nilikikuta kimetiwa nukta na mkato, na pembeni imeandikwa: *Sita juu ya kumi. Aliyetoka nani, chakula au wewe?*

Hilo ningelivumilia. Kilichonikimbiza ni mkono.

Wamemuunganisha mishipa kwenye mkono wa kushoto, pale mashine inapoingilia. Umevimba kama kamba iliyofichwa chini ya ngozi, na ukiugusa unavuma. Unavuma kweli, kama friji ya zamani. Siku ya tatu tangu afike aliniambia, "Mkwe, weka kidole hapa usikie. Ni kama nyuki." Nikasema nakuja, Mama. Nikafunga kamba za viatu, nikatoka, na "nakuja" hiyo hadi leo haijafika.

Tangu siku ile akiniita, miguu hujibu kabla ya mdomo.

Mtaa mzima ukasema, "Rangi anajali afya yake siku hizi."

Basi. Asubuhi ya mbio nilifika uwanja wa mbele wa hospitali nikiwa mwepesi wa moyo. Fulana zilikuwa zimegawiwa. Manesi waliandika majina jana yake mchana zikiwa zimekunjwa, mstari mtupu ukitazama juu, neno likiwa limelala chini ya mkunjo. Watu walivaa haraka haraka, wakabandikana namba vifuani, wakapiga picha. Picha hupigwa kifuani, ndugu zangu. Mgongo hauna rafiki.

Mwenzangu wa mazoezi ni dereva wa gari la maiti la hospitali. Tunamwita Polepole. Yeye husema mwenda pole hajikwai, na kwamba abiria wake hawajawahi kumlalamikia kuchelewa. Nilimkuta kavaa sare badala ya kaptura.

"Fundi, leo sikimbii," akaniambia. "Magari ya wagonjwa yote yana safari. Matroni kaniambia nifuate wa mwisho."

"Gari la maiti lifuate wakimbiaji?"

"Litawatia moyo."

"Na ukimkuta mtu kalala barabarani?"

"Namuuliza kwanza," akasema Polepole.

Wagonjwa wa figo walikuwa wamewekewa viti vya plastiki nyuma ya mstari wa kuanzia, ili wawaone watu wao wakiondoka. Mama alikaa kiti cha mbele, miwani puani, mtandio mabegani. Mke wangu alisimama pembeni yake. Nikampungia Mama. Naye akainua kidole kimoja juu, wima, kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali.

Nikadhani ananitakia heri.

Honi ikalia.

Hatua mia za kwanza niliwapita watu watatu, mmoja wao akiwa anasukuma kigari cha mtoto. Kando ya barabara watu walianza kucheka. Nikafurahi. Nikasema kumbe mbio za hisani zina furaha hivi! Nikawapungia. Wakacheka zaidi. Nikawapigia saluti. Mzee mmoja ilibidi ashikilie nguzo.

"Nisubiri, kaka!" akapaza sauti bwana mmoja mlangoni pa kinyozi, povu kidevuni. "Hata mimi wangu yuko nyumbani! Tukimbie wote!"

Sikumwelewa. Nikamwonyesha dole gumba.

Mbele yangu alikuwa dada mmoja mrefu, anakimbia vizuri. Watu walimpigia makofi ya pekee. "Kimbia, dada! Usigeuke nyuma! Tumekuona!" Nikamtazama mgongoni kuona kitu gani kinashangiliwa.

NAMKIMBIA
MUME WANGU

Nikacheka. Nikasema dada huyu mcheshi kweli, kachapisha fulana yake mwenyewe.

Kushoto kwake alikuwa bwana mnene, jasho limemchora ramani kiunoni.

NAMKIMBIA
MKE WANGU

Hapo kicheko kikapungua nguvu. Nikaongeza mwendo kidogo, macho yakihama mgongo hadi mgongo kama mtu anayetafuta watoto wake kwenye umati. NAMKIMBIA BIBI. NAMKIMBIA BABA. NAMKIMBIA DADA YANGU MPENDWA. NAMKIMBIA JIRANI. Watu mia tatu waliotoka vitandani asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wao walikuwa wanautangazia mji mzima kwamba wanawatoroka.

Na wagonjwa wenyewe walikuwa wamekaa pale nyuma ya mstari. Kitu cha mwisho walichoona ni migongo.

Nikavuta fulana yangu, nikazungusha shingo mpaka ikalia. Nilijua kitakachokuwepo. Nikakisoma hivyo hivyo.

Sasa mtauliza: fundi mwenye miaka kumi na saba kazini anapotezaje silabi?

Hivi. Fremu ya kwanza, ile ya kupitishia rangi, niliitengeneza sawasawa, hata matroni aliletewa fulana ya mfano akaikubali. Lakini neno lilikuwa pana. Kwenye fulana ndogo herufi za pembeni zilipanda mshono wa kwapa. Nikaamua kukata neno upya, herufi ndogo zaidi, moja moja kwa kisu. N, A, M, K, I, M, B, I. Nilikuwa nimemaliza I hiyo nikainua kisu kuanza L, pale karakanani uani kwangu, mara kutoka ndani ya nyumba nikasikia:

"Mkwe!"

Ilikuwa sauti ya Mama. Mke wangu yuko kazini, watoto wako shule ya bweni, nyumbani tuko wawili tu.

"Mkwe! Hebu njoo."

Nikaweka kisu chini. Nikafunga kamba za viatu. Nikatokea mlango wa nyuma.

Nilikimbia karibu saa mbili. Niliporudi nikakaa mezani pangu, nikatazama neno la mfano, nikatafuta nilipokomea. Kwenye I. Sasa neno hilo lina I mbili mwishoni, moja kabla ya L na nyingine baada yake. Niliachia ya kwanza, nikaendelea kwenye ya pili. Nikakata A, nikafunga kazi, nikapiga mluzi.

Usiku wake mke wangu alikuja karakana akaona rundo. "Umezisoma?" akauliza.

"Mama Watoto, mimi na herufi tumekua pamoja."

Kumbe mbili zilishahama mtaa.

Turudi barabarani. Nilikuwa nimeshakuwa wa mwisho. Hata kigari cha mtoto kilinipita, mtoto akanitazama kwa huruma. Nyuma yangu nikasikia ngurumo ya taratibu niliyoizoea. Gari la maiti. Nikasogea pembeni nikamsubiri Polepole anikebehi.

Hakunikebehi. Alipita kando yangu macho mbele, kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye viti vya mbele walikaa wanawake wawili. Katikati mke wangu. Dirishani mama mkwe.

Nikawapungia. Sijui kwa nini. Mkono ulishazoea.

Wakapita. Na gari la kufuata wa mwisho likishakupita, wewe si mkimbiaji tena, ni mtu aliyevaa kaptura.

Njia ya mbio inapita mwisho wa mtaa wetu. Nilipofika kona nikalisikia kabla sijaliona: kilio. Kilio chenyewe, cha wanawake, kile kinachoanzia tumboni. Nikachungulia mtaani. Gari la maiti limesimama mlangoni kwangu. Majirani wamejaa. Muuza mkaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameketi chini, mikono kichwani.

Aliponiona akainuka akanikimbilia. "Pole, baba! Pole jamani! Alikuwa mama wa watu wote!"

Miguu iliyonibeba miezi mitano ikanikatalia hatua moja. Na sitawaficha kitu nilichokiwaza, maana nimeahidi kukiri: niliwaza kwamba kitu cha mwisho alichosoma duniani mwalimu yule ni mgongo wangu.

Mlango ukafunguka. Akatoka Mama, mkoba begani.

Kilio kikakatika kama redio iliyokatiwa umeme.

"Nani kafa?" akauliza.

Macho yote yakageukia lile gari.

"Ni wewe, mama," akasema muuza mkaa. Lilimtoka.

"Basi mngesubiri nitoke nihudhurie." Akapanga mtandio. "Nyamazeni. Mimi nakaa mbele na dereva."

Nyuma yake akatoka mke wangu na begi la pili. Begi letu kubwa, lile la safari.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza.

"Stendi."

"Stendi kufanya nini?"

"Mama anarudi kwao. Basi la saa nne."

"Na Jumatatu? Mashine ya Jumatatu?"

"Jumatatu kaiulize fulana yako," akasema mke wangu, akapanda.

Nikamgeukia Polepole. "Na wewe unawapeleka?"

"Barabara zimefungwa kwa ajili ya mbio, fundi. Ni gari langu tu linaloruhusiwa." Akashusha sauti. "Matroni alisema nimrudishe mgonjwa nyumbani apumzike. Kufika hapa mwalimu akaniambia stendi. Wewe ungemkatalia?"

Nisingeweza. Akawasha gari.

Sasa hapa ndipo nilipobarikiwa na tabia ya rafiki yangu. Polepole hajapata kuendesha gari lile zaidi ya mwendo wa msafara wa mazishi. Hata likiwa tupu, mguu wake hauamini. Nikashika ukingo wa dirisha la Mama, nikakimbia sambamba. Watu kando ya njia wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya shughuli.

"Mama! Ni kosa la kuchapa tu! Herufi mbili!"

"Herufi mbili hizo ni silabi," akasema bila kugeuka. "Na silabi hiyo ina kazi. Inaitwa kauli ya kutendea. Ukiitoa, hakuna anayetendewa."

"Nilichoka, Mama. Nilikomea kwenye I, nikarudi kwenye I nyingine..."

"Sijasema umekosea."

"Eti?"

"Nimesahihisha makosa miaka thelathini na minane, nayajua. Lile si kosa. Umeandika sawasawa kitu ulichokuwa unakifanya."

Nikaruka dimbwi bila kuachia dirisha.

"Basi nipe sifuri," nikasema mwishoni. "Nipe sifuri, lakini ushuke!"

Mke wangu akainamia dirishani, akipita mbele ya mama yake. Sijapata kumwona na uso ule. "Baba Watoto, siku ile ya fremu, uliwahi kuuliza alikuita kwa nini?"

"Alitaka... sijui. Maji?"

"Kwa figo zile maji anapimiwa kikombe kimoja kwa siku, na wewe hujui hata hilo. Alikuwa ameanguka bafuni."

Nikajikwaa. Polepole akapunguza mwendo, kama kuna mwendo uliobaki wa kupunguzwa.

"Nilimkuta mimi nilipotoka kazini," akaendelea. "Saa moja na nusu sakafuni. Ameinua mkono wa kushoto juu, hivi, ameuegemeza kwenye ndoo usiguse chini. Kwa sababu mkono ule ukiharibika mashine haina pa kuingilia. Saa moja na nusu, mkono juu."

"Mwanangu, yaache," akasema Mama.

"Siyaachi. Alinikataza nisikwambie. Akasema, mkwe yuko na fulana za wagonjwa, asivunjike moyo."

Nilikuwa nakimbia bado. Sijui miguu ilikuwa ya nani.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuita," akasema Mama. "Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kukuambia."

Kuna methali inasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nimeisikia tangu utoto, nikaipata kwenye mtihani, nikaijibu vizuri. Sikujua kwamba ukingo wenyewe una dirisha la gari na mwanamke ndani yake asiyekutazama.

Mbele yetu njia panda ilikuwa inakaribia. Kushoto stendi, kulia hospitali na mstari wa kumalizia. Saa ya mnara ilionyesha imebaki robo kufika saa nne.

Nikasema kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekisema nyumbani kwetu kwa miezi mitano.

"Kule hakuna mashine. Utakufa, Mama."

Polepole akakanyaga breki. Kwa mwendo wake haikuleta tofauti kubwa, lakini alikanyaga.

"Baba Watoto!" mke wangu akasema.

Mama akageuka. Akavua miwani, akanitazama kwa macho matupu.

"Kila anayeingia chumbani kwangu ananiambia nitapona," akasema. "Matroni, huyu binti yangu, muuza mkaa. Nitapona, nitapona, kama wanaimba. Wewe ndiye wa kwanza kulitaja jina la kifo." Akafuta miwani kwa mtandio. "Na umelitaja ukiwa unakimbia."

"Basi rudi."

"Nirudi kwa nani? Mwanangu anakwenda kazini. Nirudi nikae na viatu vyako?"

"Nitakaa mimi."

"Utakaa kwa kuwa mji umekucheka, au kwa kuwa nilianguka?"

Swali la mwalimu. Lina majibu mawili na yote yanakufelisha.

"Sijui," nikasema. "Naogopa, Mama."

"Unaogopa nini?"

"Huo mkono. Unavyovuma. Ile mashine. Naogopa nikikushika utafia mikononi mwangu, halafu mke wangu aniulize nilikushika vipi."

Nilishaanza kulia, na kwa kuwa nilikuwa na jasho nilidhani haitaonekana. Ilionekana. Yule dada mrefu, ambaye alikuwa anarudi upande wa pili kuelekea mwisho, alinitazama akaacha kucheka.

Mama akageukia mbele. Akamwambia Polepole, "Zima gari, baba."

Gari likazimwa, katikati ya njia panda, pua yake ikiwa haijachagua kushoto wala kulia.

"Panda," akaniambia. "Sijawahi kujadiliana na mtu anayehema. Tutaongea ukiwa umekaa, halafu nitasema basi au mashine."

Nikatazama kiti cha mbele. Polepole, mke wangu, begi mapajani, Mama, mkoba.

"Mbele kumejaa, Mama."

"Nyuma kuna nafasi," akasema Polepole kwa adabu. "Leo sina mtu."

Nikatazama kule nyuma kupitia kioo. Lile bati refu lenye mikanda miwili. Lile shuka la kijani lililokunjwa vizuri, likisubiri. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Hapana. Hapana, Mama. Nitakimbia pembeni. Nitakaa hapo mbele juu ya boneti. Chochote, lakini mtu mzima, mwenye pumzi zake, hawezi kujipandisha mwenyewe nyuma ya gari la maiti. Pale ni pa kufa!"

Mama akavaa miwani yake, akafungua mlango wake kidogo ili nimsikie vizuri.

"Mlangoni mwa kifo mimi nafika mara tatu kwa wiki, mkwe, kwa miguu yangu, na sijakimbia hata siku moja. Panda."